Kibali cha Migono Kumi

Kabla watu hawajahamishiwa kijijini, kidimbwi cha kando ya mto Ruvu hakikuwa na mwenyewe. Mwanamvua alivua pale tangu hajavunja ungo. Kisha serikali ikataka kibali: kila kaya migono kumi, ile mitego ya samaki inayosukwa kwa fito, kwa jina moja. Mumewe, Mfaume, akaandikisha jina la Zubeda, mke mdogo.

“Yeye amehitimu kisomo cha watu wazima,” alisema, kama vile kambale huulizwa herufi kabla ya kuingia mtegoni.

Mwanamvua akabaki kusuka na, kila asubuhi, kumwonyesha mke mwenzake midomo ya migono ielekee wapi. Zubeda ndiye aliyeshuka bondeni na migono hiyo, akarudi na samaki na maringo. Jioni Mfaume alikula nyumbani kwa Zubeda, akimsifu kwa mkono wake wa baraka. Ukuta uliowatenga ulikuwa wa udongo. Mwanamvua alisikia kila neno.

Masika yalipoanza akasuka migono mipya kumi. Sheria ilitaka tundu la kupita vidole viwili. Yeye akabana fito hata kidole kimoja kisipite. Akampa Zubeda huku akitabasamu. Siku ya tatu akamwendea Evodius, bwana samaki wa serikali.

“Mke mwenzangu anamaliza vifaranga vya samaki,” akamwambia.

Evodius akaja, akaitoa migono majini mbele ya watu. Akaigeuza na kuigeuza.

“Kosa ni kosa,” alisema, “lakini kazi hii sijaiona kokote. Bi Zubeda, una mikono ya dhahabu!”

Zubeda, maskini wa watu, akainama kwa haya. Mfaume akatikisa kichwa kwa fahari.

Mwanamvua alijua inampasa anyamaze. Kifua kikamkataa.

“Huyo?” akapiga kelele. “Huyo hajui hata kuchonga fito! Hii ni kazi yangu, yote kumi!”

Watu wakaangua kicheko. Evodius hakucheka.

“Basi mwenye kosa ni wewe, mama. Mwaka mzima usikanyage kidimbwini.”

Migono ikachomwa palepale.

Kesho yake Zubeda akaazima migono kwa jirani yao, Mboni. Mwanamvua alisimama juu ya ukingo, mwisho wa ruhusa yake, akamtazama anavyoitega, midomo ya migono yote ikielekea kusiko na samaki.

“Dada, hivi ndivyo?” Zubeda akauliza kutoka majini.

“Ndivyo hivyohivyo, mwanangu,” akajibu Mwanamvua.