Asije Kabla ya Viza

Wazo la kwenda kwa chifu lilikuwa langu mwenyewe, na nililiona la akili kweli. Ubalozi ulitaka ushahidi kwamba ndoa yetu si ya kuigiza, na huku kwetu ukitaka kuaminiwa na mtu yeyote, iwe ni kitambulisho, basari ya mtoto au kesi ya mbuzi, unaanzia kwa chifu. Nikavaa vizuri, nikamfuata ofisini kwake pale Kiritiri, nikamweleza kwamba mume wangu ni raia wa Marekani siku hizi na anataka kunichukua tukaishi pamoja. Chifu alifurahi kunishinda. Aliandika barua ndefu na kuipiga muhuri juu na chini: kwamba anamjua mume wangu tangu utotoni, ni mkaaji wa lokesheni yake, ana nyumba ya mawe aliyoijenga mwenyewe, ana mbuzi, ana mke mmoja ambaye ni mimi, na hajawahi kusumbua mtu. Niliifikisha nyumbani nikaisoma kwa sauti, mama mkwe akasema amina.

Haki ya Mungu, hatukujua tumejichimbia shimo.

Mume wangu ni mtoto wa kiume wa pekee. Baba yake alipougua, alikuja kumwona kwa wiki mbili, akakaa karibu mwaka mzima, mpaka mzee akazikwa. Kule Marekani aliacha kazi ya kuendesha lori, akaachia hata nyumba aliyokuwa amepanga. Mimi nilikutana naye katika mwaka huo huo. Nilikuwa nateremsha viazi kutoka kwetu Kibirichia kuja kuuza soko la Kiritiri, na yeye alinunua gunia zima, mtu anayeishi na mama yake na baba mgonjwa tu! Nikamwuliza, hivi vyote unakula na nani? Akasema anataka sababu ya kurudi kunilalamikia kwamba vimeoza. Nikajua huyu ana maneno.

Baba yangu naye hakutaka mchezo. Alisema hatoi binti kwa mtu anayeishi ndani ya simu. Mwanamume bila nyumba bomani kwa baba yake ni mgeni kama wageni wengine. Basi nyumba ikajengwa, mawe yakaja, mabati yakapanda, mchungaji akaibariki, tukaoana, tukapiga picha mlangoni, kisha yeye akarudi Marekani kwenye malori. Picha hizo zote tulizifunga pamoja na barua ya chifu tukazipeleka ubalozini. Tulijua tumewashika.

Ofisa aliyenihoji alikuwa kijana mpole, nyuma ya kioo. Alisoma barua ya chifu, akairudia. Kisha akapanga picha mbele yake kama mtu anayecheza karata.

"Chifu wenu anasema mume wako ni mkaaji wa huku," alisema. "Picha zinaonyesha anajenga huku. Makaratasi ya kodi yanaonyesha mwaka ule karibu hakupata mshahara wowote Marekani. Sheria inataka anayekudhamini awe anaishi kule. Kwa nini niamini anaishi kule?"

"Chifu huandika hivyo kwa kila mtu," nikamwambia. "Hata aliyezeekea Mombasa bado ni mkaaji wa kwa baba yake."

Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Alisema hajaninyima, lakini faili inasimama. Suala la mshahara lilikuwa na nafuu, kwa sababu nesi mmoja wa kwetu, anayesali na mume wangu huko, alikuwa ametia sahihi kwamba nikikosa chakula yeye atanilisha. Mtu ambaye hata hajawahi kuniona! Lakini suala la makao, hapana, hilo mtu hawezi kuazimwa. Mume wangu alipaswa kuonyesha amekita mizizi huko: mkataba wa nyumba, hati za mshahara, leseni, kodi. Nilitoka pale, nikakaa kwenye ukingo wa barabara ya Nairobi na suti yangu ya kuendea harusi za watu.

Wakili ambaye mume wangu alimwendea huko alimpa neno moja tu: usitoke nchi hii mpaka mkeo apate viza. Ukienda tena nyumbani ukakawia, utakuwa umewajibu wewe mwenyewe. Mume wangu alinisimulia akicheka, ati sasa yeye ni mfungwa wa ndoa. Mimi sikucheka, maana ninamjua. Mtu huyu akisikia mama yake amejikwaa, yuko uwanja wa ndege. Na akija hakai wiki. Anakaa mpaka mambo yaishe, kama alivyokaa kwa baba yake. Kuanzia siku ile nilianza kuomba kitu kimoja: Mungu, mama asiugue.

Akaugua.

Tulikuwa shambani tunachuma ndengu. Aliketi chini ghafla, akasema jua la leo lina uzito. Nilimtania kwamba sisi watu wa baridi ya Kibirichia ndio tunaotakiwa kulalamikia jua la huku Mbeere, si yeye. Nilipomsogelea niliona mdomo umebadilika rangi. Nilimpeleka hospitali Embu mjini. Daktari alisema moyo umechoka. Hausukumi damu inavyopaswa, ndiyo maana miguu imevimba na pumzi haitoshi. Dawa zitamsaidia, alisema, lakini tusitegemee arudi alivyokuwa.

Nje ya hospitali, kwenye benchi, nilitoa simu. Mama mkwe aliweka mkono wake juu ya skrini.

"Mwari," alisema, hivyo ndivyo anavyoniita tangu niolewe, yaani binti yake. "Usimwambie."

"Mama, siwezi kumficha jambo kama hili."

"Akijua atakuja. Akija, makaratasi yako yamekwisha. Unataka nife nikijua ni mimi nilikunyima bwana?"

"Na akijua baadaye? Ataniua!"

"Hatakuua. Atakununia. Na kununiwa ukiwa naye nyumba moja si afadhali?"

Nilicheka bila kutaka, na yeye akacheka kidogo, akashika kifua. Nikarudisha simu kwenye mkoba.

Basi tukaanza kazi yetu ya Jumapili. Mume wangu hupiga simu ya video baada ya ibada, tunaonana uso kwa uso. Kabla hajapiga, nilikuwa namwamsha mama, namwosha, nampaka mafuta usoni mpaka ang'ae, namfunga kitambaa cha kanisani ingawa kanisani hakufika tena. Namketisha karibu na dirisha, mto nyuma ya mgongo, shali juu ya mto usionekane. Miguu haikuwa shida, simu haikufika huko. Shida ilikuwa pumzi. Nilimfundisha aseme kidogo kidogo, kisha mimi nidakie kwa kelele zangu, niulize habari za theluji, nimgombeze mume wangu kwa kunyoa ndevu vibaya. Nikawa mke wa makelele. Aliniambia siku moja, kwani siku hizi umemeza redio?

Jumapili moja alisogeza uso kwenye kamera akashangaa. "Mama, umenenepa! Tazama mashavu!"

Ilikuwa ni maji ya ugonjwa, si mafuta; asubuhi ile hata macho yalifunguka kwa shida.

"Ni viazi vya kwao," mama alisema, akameza pumzi. "Ananilisha... kama nguruwe."

Mume wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema sasa hata akikaa huko miaka, roho yake imetulia, mama ana mtu. Nilienda jikoni nikashika meza kwa mikono miwili. Niliogopa uwongo, niliogopa jinsi ulivyokuwa mtamu masikioni mwake, na zaidi niliogopa jinsi tulivyokuwa tunauzoea.

Usiku ndio sitaki kuusema sana. Nilikuwa nalala chumba kimoja na mama, na kila nikishtuka naweka kiganja karibu na pua yake mpaka nisikie joto. Kisha naomba. Na katika kuomba nikajisikia nikisema, Mungu, mwache angalau mpaka viza itoke. Nilijichukia. Mwanamke aliyenipokea kama mtoto wake, na mimi namwombea muda kama anayeomba kuongezewa siku za kodi ya nyumba.

Watu wa ukoo niliwazuia kadiri nilivyoweza. Waliokuja kumwona niliwaambia ni presha tu, imeshuka. Lakini mdomo wa mtu haufungwi kwa kamba. Siku moja nikiwa naangalia mbuzi nilisikia simu ikilia, na kwenye grupu la ukoo, ambamo mume wangu pia yumo, binamu yake ameandika: tumwombee mama yetu, moyo unamsumbua. Woi! Nilimpigia binamu simu.

"Futa!" nikamwambia.

"Nifute nini, shemeji? Kwani kuomba ni dhambi?"

"Futa kwanza, nitakueleza! Futa sasa hivi!"

Alifuta. Kule ilikuwa alfajiri, na dakika chache hazikupita mume wangu akaandika: kuna ujumbe umefutwa kwa grupu, ni nini? Nikamjibu kwamba binamu amekosea grupu, alikuwa anatuma bei ya muguka, miraa ya huku kwetu. Akatuma kicheko. Mbuzi walikuwa wameingia kwenye kunde za jirani na nikawaacha wale.

Makaratasi ya mume wangu yalifika ubalozini kidogo kidogo: mkataba wa nyumba mpya, hati za mshahara, kila kitu chenye jina lake na anwani ya kule. Tukangoja. Ndengu zilikwisha, tukapanda tena mvua ya kwanza iliponyesha, tukavuna, na kila siku nilifungua barua pepe kwa macho nusu, kama mtu anayefunua kidonda. Mama alikuwa haachi kuuliza. "Wamesema?" Nikimwambia bado, anasema, "Hawa watu wana roho ngumu," kisha analala tena.

Siku walipoitisha pasipoti sikumwambia mtu, nisije nikaitia mkosi. Ilipotumwa kurudi, niliichukua Embu mjini kwenye ofisi ya vifurushi, nikaifungulia pale pale kaunta. Viza ilikuwa imebandikwa, na picha yangu mbaya. Nililia mbele ya watu. Nikaipiga picha, nikamtumia mume wangu, nikapanda gari la Kiritiri.

Furaha ilinifanya nisahau kitu kimoja: kwamba mtu mwenye habari kama ile hangoji Jumapili. Nilikuwa ndio nimeingia ndani, mama amelala kitandani na kitambaa chake cha zamani, uso haujapakwa kitu, simu ikalia. Nilikimbia nje nikaipokea kwa sauti tu, bila video. Alikuwa anapiga kelele. Alisema amewaambia hata wanaopakia lori. Alisema nesi wetu analia. Kisha akasema, "Nipatie mama. Nataka anipigie ngemi, vigelegele kama vya siku ya harusi!"

"Amepumzika," nikasema.

"Mchana huu? Mwamshe!"

Mama alikuwa amesikia. Aliniita kutoka ndani, na nilipoingia alikuwa ameshajiinua kwa kiwiko, macho yanang'aa. Nilimtikisia kichwa. Alinyoosha mkono kwa simu kama mtoto anayedai chake. Nikampa. Ningefanya nini?

Alipiga ngemi. Ya kwanza ilitoka nzuri, nyembamba, ikapanda mpaka kwenye mabati, na nilidhani Mungu ametuonea huruma. Ya pili ilikatikia njiani. Ikawa kikohozi, kikawa kikohozi kirefu chenye maji ndani, na nilikuwa nimemshika mgongo nikisema pole, pole mama, nikisahau kwamba simu bado iko wazi mkononi mwake.

Kikohozi kilitulia.

"Tangu lini?" mume wangu aliuliza.

Mama alinitazama. Hakuwa na pumzi ya kunitetea.

"Tangu tulipovuna ndengu," nikasema. "Si hizi. Zile za kwanza."

"Na kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi kwa miezi, nilikuwa hata na majibu. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, si ya mtu wa malori, ilikuwa ya mtoto aliyesimama mlangoni asijue kama anaruhusiwa kuingia.

"Mama, sasa nije?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwa niaba yake, kama tulivyozoea. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumtuliza, kwamba asiwe na haraka, kwamba tupange. Mama aliuondoa mkono wangu mgongoni mwake, akaishika simu kwa mikono miwili, akaileta karibu na mdomo.

"Njoo," alisema. "Njoo, mwanangu. Nimekungoja sana."

Nilikaa sakafuni na pasipoti mapajani. Miezi yote ile nilidhani katika nyumba ile anayengoja ni mimi peke yangu.