Neno "Mzazi" Kwenye Fomu

Yule mama aliyekuwa akiuza kahawa ya kutafuna nje ya ofisi yetu hapa Bukoba amefariki dunia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamfahamu ingawa hawamjui jina, maana nimewahi kumwandika kwenye safu hii, tena kwa mbwembwe, na leo natamani siku ile kalamu yangu ingekauka wino. Habari nililetewa na dereva wa bodaboda aliyezoea kumbebea mzigo wake kutoka stendi. Alisimama mlangoni, kofia ngumu mkononi, akasema, "Mzee, mama wa kahawa ametutoka. Wamemkuta asubuhi kwake Izigo, hajaamka." Nikauliza swali ambalo kila mtu huuliza, kama alikuwa mgonjwa. Akanijibu kwamba presha alikuwa nayo, lakini kwa jinsi alivyomwona yeye, kilichommaliza ni kungoja. Nilimshukuru, akaondoka, nami nikashindwa kabisa kuendelea na kazi.

Alikuwa akimngoja mtoto wake. Alikuwa na mmoja tu, mwanamume mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyeondoka Izigo kwenda Ngenge kukodi shamba la mahindi na kuahidi kurudi akishamaliza kupanda. Kwa wiki mbili simu yake iliita bila kupokelewa, kisha ikawa haipatikani. Mama akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaenda kwa mtendaji, akaenda polisi, akapanda magari hadi Ngenge na kuuliza nyumba kwa nyumba. Waliomwona mwanawe walikuwepo, ila hakuna aliyejua alikoelekea. Ndipo akahamishia biashara yake mjini, mbele ya ofisi yetu, kwa sababu ng'ambo ya barabara kuna ubao ambapo hubandikwa matangazo ya watu waliopotea na miili iliyookotwa. Watu wengine walimwita kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kama ilivyo desturi. Mimi nilimwita mama, basi. Naye aliniita tata, yaani baba, jina ambalo kwetu humpa heshima hata mtu unayeweza kumtandika bakora.

Kila tangazo jipya lilipobandikwa alinivuta nikamsomee, maana macho yake hayakuwa mazuri tena. Mnaijua lugha ya matangazo yale. Mwili wa mtu mwenye jinsi ya kiume, mrefu wa wastani, mwenye rangi ya maji ya kunde, amevaa suruali ya rangi isiyofahamika. Mtu huyo ni nusu ya wanaume wa Kagera, nami nimo. Nikimaliza kusoma aliniuliza, "Hawajasema kama ana kovu la jembe mguuni, waitu?" Waitu ni neno letu la kuomba kwa heshima. Nikajibu hawajasema. Akarudi kwenye kikapu chake, akaendelea kufunga kahawa kwenye majani makavu ya mgomba, na mimi nikapanda ngazi kwenda kuandika mambo ya wakubwa.

Kisha wachungaji wa ng'ombe wakakuta mabaki ya binadamu porini upande wa Ngenge, baada ya moto kuunguza nyasi. Yalikuwa mifupa, na pembeni koti lililonaswa kwenye kijiti, limeungua upande mmoja. Kovu la mguuni halikuwa na pa kuonekana tena. Safari hii serikali haikuishia kubandika tangazo. Ilitoa wito kwamba familia zilizopotelewa zifike, watu watolewe mate kwa pamba, yapelekwe maabara yakalinganishwe na mifupa, na gharama ni ya serikali. Sisi wa magazeti hatukosi la kusema juu ya serikali, lakini siku hiyo niliona mtu amekaa chini akafikiria. Mama akaniomba nimsindikize, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kinamtosha sokoni lakini kikikutana na ofisi kilikuwa kinajificha.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu mpole, mgeni wa mkoa wetu, na nasema mapema kwamba sina neno baya juu yake. Alianza kwa kumwonyesha lile koti. Mama akaligeuza mfuko wa ndani nje, akaona kiraka cha kitenge cha rangi ya machungwa, akasema, "Hiki nimeshona mimi. Hii ni doti yangu ya Krismasi." Ofisa akamweleza taratibu kwamba makoti ni ya mitumba na viraka ni vingi, ndiyo maana kuna kipimo cha vinasaba. Akavuta fomu. Aliponiona nina kalamu kifuani akaniomba nimsaidie kuijaza, nami nikaona fahari, mtu wa kuandika nimepata pa kuandika.

"Wewe ni nani wake aliyepotea?" ofisa akauliza.

"Mama yake, waitu."

"Mama mzazi?"

Mama akanitazama. Nikamgeuzia kwa Kihaya, na Kihaya nilichotumia ni kile cha haraka. Nilimuuliza kama yeye ndiye mama yake hasa. Akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili ofisa mwenyewe asikie, "Ndiyo! Mzazi ni mimi. Hata shuleni nilikuwa nasaini mimi, miaka yote!"

Tukacheka, ofisa na mimi. Tulidhani ni mzaha wa mama wa kijijini. Nikaandika kwa herufi kubwa, nadhifu, MAMA MZAZI, akaweka dole gumba chini yake, wakamsugua shavu kwa ndani, tukaondoka. Njiani alininunulia soda, nami nikajisikia mtu mwema sana.

Majibu yalipotoka tulirudi wote wawili. Barua ilisema vinasaba havilingani na kwamba mabaki yale si ya mtoto wa mtoa sampuli. Nilipomtafsiria aliruka akapiga vigelegele mle mle ofisini. "Si yeye! Mwana wange yu hai!" Siku hiyo aligawa kahawa yote bure, kuanzia ngazi za ofisi yetu hadi sokoni. Nilimuuliza kuhusu kile kiraka. Hakufikiri hata kidogo. "Atakuwa alimpa mtu koti lake. Ndivyo alivyo huyo, tata, akiona mtu ana baridi anavua." Na mimi nikarudi mezani nikaandika ile safu mnayoikumbuka baadhi yenu, nilimojisifia kwamba sasa tuna kipimo kisichomwonea mtu haya wala kudanganya. Mlinitumia pongezi nyingi na nilizipokea zote.

Siku chache baadaye halmashauri ilipanga kuyazika yale mabaki kwenye makaburi ya watu wasiojulikana. Mama akapata habari, akasema lazima aende. Nilimwambia wazi kwamba mtu yule hamhusu. Akanijibu, "Amevaa koti la mwana wangu. Naye ana mama yake mahali. Nitamlilia kwa niaba yake, asije akazikwa kimya." Tulikuwa sita tu: wafanyakazi wanne wa halmashauri, yeye na mimi. Aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwao, peke yake, akatupia udongo, akalia kilio kamili, cha kukaa chini na kunyoosha miguu, mpaka mmoja wa wachimbaji akageukia pembeni. Walipochomeka kijiti chenye namba, yeye akatoa kwenye kanga tawi la omulamula, mmea tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba kwa kuwa haufi ovyo, akalichomeka kichwani pa kaburi. Alisema mama mwenyewe akija siku moja apate kitu cha kushika.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumgeuza. Kwetu mtu akipotea mpaka matumaini yakakatika, ukoo huchukua shina la mgomba ukalizika kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, badala ya mwili wake, watu wakalia, wakanyoa, kilio kikafungwa, na waliobaki wakaruhusiwa kuendelea kuishi. Wazee wa ukoo walimwendea na ushauri huo zaidi ya mara moja. Aliwatolea ile barua, aliyokuwa akiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kitabu cha nyimbo. "Serikali imesema si yeye. Ninyi mnataka kuzika nani?" Wazee wa Kihaya wanaweza kubishana na mchungaji, wanaweza kubishana na mkuu wa wilaya, lakini karatasi yenye mhuri huwanyamazisha. Kwa hiyo hakulia, hakunyoa, hakufunga. Aliendelea kuwaangalia usoni wanaume wanaoshuka kwenye mabasi ya kutoka Muleba, na kila mwaka alizidi kukonda.

Nilikwenda Izigo kumzika. Walimlaza kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, na pembeni waliacha nafasi tupu ya mtu mmoja kwa sababu mwenyewe alikuwa ameagiza iachwe. Baada ya sala akasimama msemaji wa ukoo kusoma wasifu wa marehemu. Wasifu ni ule ule tuliozoea. Alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliimba kwaya gani. Nilikuwa nimeanza kuangalia saa. Ndipo msemaji akasoma, "Marehemu hakujaliwa kuzaa. Dada yake mkubwa alipofariki katika uzazi, alimchukua kichanga aliyeachwa, akamlea kama mwanawe hadi alipopotea." Nikageuka kumwuliza mzee aliyekaa kando yangu kama nimesikia vizuri. Akanishangaa. "Kwani hukujua? Si dada wa mama ni mama?" Kisha akarudisha macho mbele, maana kwake hapakuwa na habari yoyote mpya pale.

Ile barua ilikuwa ya kweli neno kwa neno. Mabaki yale hayakuwa ya mtoto wa mtoa sampuli. Maabara iliulizwa kama mwanamke huyu alimzaa mtu huyu ikajibu hapana, na wala haikuulizwa jambo lingine. Mama hakudanganya. Katika lugha yake mtoto wa dada ni mtoto, na neno mzazi alilijua kutoka mahali pamoja tu, kwenye vikao vya shule, ambako mzazi ni yule anayekuja, anayekaa kwenye dawati dogo, anayesaini. Alituambia hivyo hivyo, kwa sauti, na sisi wasomi wawili tukacheka. Ofisa ana sababu, yeye ni mgeni. Mimi ni Mhaya wa hapa hapa. Nimelelewa na mama watatu, wawili kati yao hawakunizaa, na yeye mwenyewe nilimwita mama kila asubuhi nikipita mlangoni. Aliyezika mwanawe kwa mikono yake akidhani anamfadhili mama mwingine alikuwa na mkalimani pembeni yake, na mkalimani huyo alikuwa mimi.

Sisemi haya kuivunja moyo serikali. Kazi ya kuwarudishia wafu majina yao ni kazi njema, na waliokuwa wakipotea zamani hawakuipata. Lakini vipimo hivi vinategemea fomu, na fomu yetu iliandikwa na mtu aliyefikiri kila nyumba ina baba mmoja na mama mmoja. Huku kwetu ukimwuliza mtu baba yake ni nani anaweza kukutajia watano bila kusema uongo. Yatima wengi hapa hawajijui kuwa ni yatima, kwa kuwa aliyewachukua hakuwahi kuwaambia, na hiyo ndiyo heshima yetu kubwa. Sasa heshima hiyo ikiingia kwenye kisanduku cha fomu inageuka kuwa kosa, na kosa likipigwa mhuri linakaa miaka. Sijui ni wangapi wengine wamerudi nyumbani wakiruka kwa furaha kama yeye. Swali hilo linaninyima raha.

Kabla sijaondoka Izigo, msemaji wa ukoo alinishika mkono. "Wewe ndiye ulikwenda naye ofisini. Tuambie, tuzike mgomba au tungoje?" Nilimwambia kila kitu, pamoja na ile soda. Akauliza, "Kwa hiyo alimlilia?" Nikasema ndiyo, alimlilia, mpaka mchimbaji akageukia pembeni. "Basi alifanya kazi yake," akasema, akaniacha nimesimama pale.

Nimekwenda ofisini kuandika maelezo kwamba nilikosea. Wananisikiliza kwa adabu. Wanasema mama mdogo naye angeweza kulinganishwa, kama ingejulikana mapema kuwa ni mama mdogo. Sasa wanalitafuta faili, na kama kuna mate yaliyobaki, na kama bado yanafaa, wataona. Mama aliyezaa hayupo tangu siku ile ya uzazi, na aliyelea tumemfukia juzi. Nimekwenda pia makaburini. Kile kijiti cha namba kimeliwa na mchwa, hakuna aliyekumbuka kaburi ni lipi. Omulamula upo, umenifikia kifuani. Niliushika kwa mikono miwili, maana mwenyewe aliyetakiwa kuushika hakuwahi kuambiwa ni wake.

Basi wewe utakayeitwa kutoa mate, usijibu kwa neno moja. Sema nani alimbeba tumboni, nani alimnyonyesha, nani alisaini shuleni, hata kama aibu itakushika, hata kama mtoto hajawahi kuambiwa. Na wewe utakayeshika kalamu, kabla hujaandika "mzazi" uliza nani alimzaa, uulize kwa lugha anayoota nayo ndoto, na akisema jambo la kukuchekesha, simama kwanza uulize tena. Mimi nilicheka, nikaandika.