Kuku Wanaochelewa Manyoya

Kwenye kituo cha kuangulia vifaranga walimwita Mama Bawa, naye hakuchukia. Miaka ishirini na mbili alisimama mbele ya meza ileile, akiokota kifaranga wa siku moja, akilikunjua bawa kwa kidole gumba, kisha akimweka kushoto au kulia. Majike manyoya yao ya bawa hupishana urefu, madume yao yamelingana. Akikosea, mfugaji wa mayai ataishia kulisha majogoo. Lakini hakukosea, na hakuacha kuwakumbusha wenzake jambo hilo, hata wakamchoka.

Mabawa yalisomeka hivyo kwa sababu ya kuku mama, wale waliotaga mayai ya kituo, wanaochelewa kuota manyoya. Yeye mwenyewe ndiye aliyewachagua kila mwaka. Aliyechelewa zaidi alibaki, mwenye haraka aliondolewa.

Kisha kuku mama wakaanza kufa, maini yamevimba. Daktari wa mifugo, mtoto wa kaka yake, akaja na majibu ya maabara na kuvuta kiti.

"Shangazi, hawa wana kirusi cha kurithi. Kiliwaingia mababu zao zamani sana, kikabaki kwenye mbegu. Sasa wanazaliwa nacho kama wanavyozaliwa na kishungi."

"Basi tupige dawa banda."

"Dawa haifiki huko. Chenyewe wala hakiwaui. Ila mwili umekizoea tangu ndani ya yai, sasa kikija kirusi ndugu yake kutoka nje, kile kinacholeta uvimbe, mwili unachelewa kushtuka. Na humo kwenye mbegu kimekaa palepale panapochelewesha manyoya."

Mama Bawa aliyavuta majibu yale karibu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiuchagua ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa maringo. Ilimuuma.

Meneja alimwachia yeye aamue: kuku mama wabadilishwe au wabaki. Mama Bawa alijua fika kwamba wakiondoka, kazi yake ya kusoma mabawa ingekwenda nao.

"Leteni wa manyoya ya haraka," alisema.

Miezi saba baadaye, trei ya kwanza ya vifaranga wapya iliwekwa mezani. Akaokota mmoja, akalikunjua bawa. Akaokota wa pili, wa tano, wa kumi. Mabawa yote yalikuwa mamoja.

"Mama Bawa, nakuandikia jike au dume?" aliuliza mpakiaji.

Alimgeuza kifaranga tena, akamrudisha kwenye trei taratibu.

"Sijui," alisema. "Ila wote wazima."