Uso Ulioishiwa na Ukuta

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Herufi, na jina hilo hakulipata bure. Duka la dawa, gereji, shule ya chekechea, mlango wa choo cha stendi: maandishi yote ni mkono wake, yamenyooka utadhani yamepigwa pasi. Lakini kazi ya picha alikuwa anaikimbia. Mteja akitaka picha ya gari au ya kuku, anamwelekeza kwa fundi mwingine, kisha anarudi nyumbani kimya. Ukimya wake naujua. Ni wa mtu anayetamani.

Ndipo kinyozi, rafiki yake wa siku nyingi, alipojenga upya kibanda chake akataka uso mkubwa wa mtu aliyenyolewa vizuri, ukutani, kushoto kwa mlango. Mume wangu akafungua mdomo kumtaja yule fundi mwingine. Akajikuta anasema, "Nitachora mimi."

"Wewe?" kinyozi akacheka. "Wewe si mtu wa A na B?"

"Nitachora mimi," akarudia. Niliposikia nilifurahi mpaka nikaunguza mboga.

Sasa, mwandishi wa mabango huanza kushoto akaenda kulia. Mkono wake haujui njia nyingine. Asubuhi ya kazi nilimfuata kibandani kutazama; alianza na sikio la kushoto, akalimaliza likang'aa, akaingia shavuni, akachora jicho, akavuka pua, kila kitu akikipa nafasi yake kwa raha zake. Alipofika jicho la pili, ukuta ukaisha. Mbele yake ulikuwa mlango. Akajaribu kulibana shavu lililobaki, likawa jembamba kama la mtu aliyebanwa na geti. Sikio la pili halikupata hata pa kuchungulia.

Watu walivunjika mbavu. Muuza vocha akauliza kama kunyolewa pale ni lazima ukatwe sikio.

"Mwambieni aandike SIKIO, tutaelewa!" mwingine akadakia.

Kinyozi hakucheka; kesho yake alikuwa anafungua kazi. "Rafiki yangu, paka chokaa," akasema. "Andika KINYOZI, yaishe. Kila mtu na fani yake."

Mume wangu akainamisha kichwa. Nilijua kabisa kwamba akiandika neno lile hatachora tena maisha yake yote, na mimi nitakula meza moja na ule ukimya mpaka tuzikwe. Damu ikanichemka.

"Chokaa atapaka," nikasema. "Lakini haandiki kitu. Anachora tena."

"Shemeji, atachoraje? Hana hata mtu wa kumtazama."

"Kaa wewe basi. Ukuta wako, weka sura yako."

Kinyozi akatupia jicho lile kundi, akajifuta jasho. "Mimi? Ili wanicheke mimi?"

Loo! Kumbe mwoga ni yeye. Nikavua kilemba, nikaingia kibandani, nikakalia kiti ambacho hakikuwahi kukaliwa na mwanamke.

"Ninyoe," nikamwambia. "Si unataka mtu aliyenyolewa? Haya, nyoa."

Mashine ikalia. Nywele zangu, nyeusi na mvi, zikaniangukia mapajani. Nilisikia baridi kisogoni na, sitawadanganya, niliogopa, maana kichwa changu mwenyewe nilikuwa sijawahi kukiona. Nilipotoka nje watu walipiga mayowe. Nikavuta kigoda, nikaketi juani mbele ya ukuta uliokuwa umeshapakwa chokaa na kuanza kukauka, nikawakazia macho mmoja mmoja mpaka wakapunguza sauti.

"Anza," nikamwambia mume wangu.

"Nikikosea tena, mama watoto?"

"Chokaa bado ipo."

Akachovya brashi kwenye rangi. Kisha akaiweka katikati kabisa ya ukuta, mahali ambapo hajawahi kuanzia kitu chochote, akaanza na pua.

Muuza vocha hakukawia. "Jamani, tazameni! Pua imepinda!"

Brashi ikasimama. Nikageuka na kipara changu, nikamwonyesha muuza vocha uso mzima.

"Imepinda tangu nizaliwe," nikasema. "Mume wangu, endelea."