Kilio Nyuma ya Zizi

Nyinyi vijana mnaomjua dada yangu kwa filamu tu, sikizeni. Nikinusa uji wa wimbi uliochacha, namwona akiwa bado msichana nyuma ya zizi, akijifunza kulia kwa ajili ya mchezo wa kanisa. Alilia hadi kina mama wakaacha mashamba, wakaja na kuni na vibuyu vya uji, wakidhani tumefiwa.

“Nani ameaga?”

“Hakuna, mama. Najifunza mchezo.”

Baba akashika fimbo, akaapa kwamba dada hataigiza tena. Lakini jirani yetu mjane, akijipangusa machozi, akasimama kati ya baba na dada.

“Mzee, hata mume wangu sikumlilia hivi. Mwache huyu aigize!”

Baba akaweka fimbo chini.

Kwangu nimeamuru: dada akitokea kwenye televisheni, simu chini, na anayetaka kulia alie.