Dada Yangu Alitusubiri Porto, Nami Nilijua Hatufiki

Jamani, kosa ni langu. Si la yule mama wa kaunta kwenye uwanja wa ndege, si la shetani, si la serikali ya mtu. Ni langu, na hadi ninapoandika hapa, niliyemkosea hajui!

Mimi ni kijana wa Kikenya, naishi Laurel, huku Marekani, nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee. Niko na dada wawili, na mimi ndiye lastborn, kitinda mimba. Mwende, kifungua mimba wetu, anaishi Adelphi, mji wa jirani, na anatunza wagonjwa majumbani mwao. Ndiye aliyenileta Marekani, na sote wawili tuna green card, kibali cha kuishi huku daima. Anayemfuata ni Kalekye. Yeye yuko Italia, anamhudumia bibi mmoja mzee na analala humo humo, kwenye kachumba ambako mgeni hana hata pa kuweka begi.

Hawa wawili walilala kitanda kimoja utoto wao wote. Hawajaonana tangu Kalekye aondoke nyumbani. Ameomba visa ya kuja huku akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa tena.

Basi mimi, mwenye ndoto nyingi kuliko akili, nikaziona video za Porto, mji wa Ureno. Nikapagawa! Daraja la chuma juu kabisa ya mto, na watu wanalivuka kwa miguu wakipiga picha. Stesheni ya treni ambayo kuta zake zote ni vigae vya buluu na vyeupe, vimechorwa farasi na vita. Tramu kuukuu inayoufuata mto mpaka baharini. Vikeki vya mayai na maziwa vinavyoliwa vikiwa moto, na mdalasini juu. Nikajiambia, dada zangu watakutana hapa!

Nikawapigia wote wawili kwa pamoja. Kalekye alipiga kelele mpaka tukamsikia yule bibi akifoka kwa Kiitaliano. Mwende yeye akauliza.

"Na visa je, lastborn?"

"Visa ya nini, sis? Tuko na green card! Juzi nilienda Mexico na maboyz, nani aliniuliza visa?"

"Haya. Wewe ndiye unajua mambo ya simu."

Nikakata tiketi siku hiyo hiyo, zile za bei ya chini zisizorudishwa.

Laiti mngemwona Mwende! Huyu ni mtu ambaye sikukuu zote anafanyia kazi. Nilipomwambia Porto ni milima mitupu akanunua viatu vya kutembelea, vyeupe, akawa anavivaa ndani ya nyumba akisonga ugali, eti vilainike kabla ya safari. Alianza hata kuimba. Sikujua dada yangu anaimba.

Zikiwa zimebaki wiki mbili hivi, tulikuwa tunakunywa chai baada ya ibada. Baba Mutheu, mzee mmoja wa kanisani kwetu aliyewahi kumpeleka mkewe Ulaya, akanisogelea.

"Mmeshapata visa zenu?"

Nikacheka. "Mzee, hiyo ni ya watu wasio na green card."

Hakucheka. "Kijana, wale wanaangalia pasipoti. Green card ni ya kukurudisha hapa. Na wewe pasipoti yako ni ya wapi?"

Pasipoti yangu ni ya Kenya. Ya Mwende pia. Nikaenda kukaa kwenye gari nikatafuta kwa simu, na ilikuwa kweli tupu! Mexico wana sheria zao, Ureno wana zao. Nikatafuta siku ya kupeleka maombi. Zote zilizokuwa wazi zilikuwa baada ya safari yetu.

Nikaendesha moja kwa moja mpaka Adelphi kumwambia Mwende. Naapa nilikuwa naenda kumwambia!

Nikamkuta amevaa vile viatu, yuko kwenye video na Kalekye, wanagombania nani atalala upande wa ukutani.

"Ukutani ni kwangu! Wewe una mateke kama punda!"

"Punda ni nani? Nani alikuwa anakojoa kitandani, niseme mbele ya lastborn?"

Wakacheka mpaka Mwende akajishika mbavu. Kisha akaniona nilivyosimama. "Wewe una nini? Umekuja na uso wa matanga."

"Njaa tu," nikasema.

Njaa! Akanipakulia ugali na sukuma, nikala. Nikajiambia Mungu atafungua njia, labda tutampata mtu asiyeangalia sana. Nikanyamaza siku hiyo, na zote zilizofuata.

Uwanja wa ndege, yule mama wa kaunta alifungua pasipoti ya Mwende ukurasa baada ya ukurasa. Akauliza visa iko wapi. Na mimi, mnisamehe, nikajifanya nimeshtuka! Nikashika kichwa. Nikauliza, "Visa gani tena?"

Mwende akaniwekea mkono begani. Akamwambia yule mama, "Usimkasirikie, hakujua. Bado ni mtoto." Halafu kwenye gari, tukirudi, ni yeye aliyekuwa ananibembeleza mimi! "Usilie. Sote hatukujua."

Wakati huo Kalekye alikuwa ameshatua Porto, amekaa kwenye chumba tulichokodi sote watatu.

Akayafanya yote peke yake. Akatuma video akiwa juu ya lile daraja, "Mwende, ona huku chini!", upepo unamkata sauti. Kwenye hoteli moja ya chai akaagiza vikeki vitatu, akapanga kimoja mbele ya kila kiti. Akala chake. Akala cha Mwende, akala changu, anatucheka kwamba tumemwachia kazi. Halafu akawa hacheki tena, na video ikakatika. Mwende aliitazama akiwa ameketi kitandani, na vile viatu miguuni.

Kinachonitafuna ni hiki. Ningesema siku ile ya ugali, Kalekye angeahirisha likizo yake, nasi tungeomba visa tukangoja. Wiki mbili zilimtosha kabisa kubadilisha likizo! Sasa likizo yake imekwisha, na jamaa za yule bibi hawasemi watampa nyingine lini.

Leo Mwende amenipigia. "Lastborn, tujaribu tena. Safari hii tuanze na visa. Kesho nakuja kwako na pasipoti yangu tujaze pamoja. Haya mambo wewe ndiye nakuamini."

Ananiamini mimi!

Wenzangu mlio huku na pasipoti za nyumbani, msidanganywe na green card, ulizeni kabla hamjakata tiketi. Lakini hilo ni dogo. Mkijua jambo baya linakuja, lisemeni siku hiyo hiyo, hata kama mtu anaimba. Mimi nilijidai namhurumia Mwende. Uongo! Nilikuwa naogopa uso wake utakavyobadilika, basi.

Kesho nitamwambia akiwa bado amesimama mlangoni, kabla hajainama kuvua vile viatu.