Mwenyewe Hapigi Hodi

Naikumbuka vyema, mwanangu, ile siku niliyoupiga mche wa sabuni juu ya meza ya Ndugu Mwenyekiti mpaka chai yake ikamrukia kwenye kanzu. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umetoka arubaini, uko Kikwajuni kwa bibi yako, unalia njaa. Mimi niko kiwandani Malindi, hapahapa Unguja, kifua kimejaa, kanga imelowa maziwa, na mlango wa kiwanda umetiwa komeo. Mvi sina hata moja. Lakini nasaha hizi nikizingojeshea mvi zitachacha, kwa hiyo kaa kitako usikilize.

Kiwanda chetu cha sabuni kilikuwa cha tajiri mmoja aliyepanda meli baada ya Mapinduzi, asirudi tena. Alikuwa bahili yule, hata salamu akiipima kabla ya kuitoa. Lakini haki ya mtu mpe: adhuhuri kengele ikilia tulitoka, na mwenye mtoto mchanga alikwenda kumnyonyesha akarudi. Basi akaja bwana mmoja na kipaza sauti, akatukusanya uani, akatwambia, "Kuanzia leo kiwanda ni chenu. Nyinyi ndio wenyewe!" Tukapiga vigelegele mpaka popo wakatoka darini. Siku hiyohiyo nyapara wetu wa zamani, Bwana Makame, akawa Mwenyekiti. Nani aliyemchagua? Nadhani sisi, maana jina lake lilipotajwa tulikuwa bado tunapiga makofi.

Alibadilisha cheo, sauti akabaki nayo ileile. Kengele ikaondolewa, eti mwenyewe hapigiwi kengele. Kisha mlango ukatiwa komeo, eti mwenyewe hatoroki mali yake. Tukiomba vitambaa vya kufungia mikono, magadi yasitubabue: "Mwenyewe humwomba nani?" Tukiuliza sabuni inauzwa wapi: "Mwenyewe hapelelezi mali yake." Neno moja tu, mwanangu, na lilitufunga midomo kuliko bakora. Tajiri ungeweza kumnung'unikia. Sasa umnung'unikie nani, nawe ndiye tajiri?

Basi siku hiyo ya mche wa sabuni, adhuhuri imeadhiniwa, nikenda kwenye chumba chake. Mlango umerudishwa. Nikabisha kwa adabu niliyofunzwa nyumbani:

"Hodi, wenyewe!"

Akajibu kutoka ndani, "Nani?"

Hapo ndipo uvumilivu uliponikatika. Nimepiga hodi kwenye kiwanda changu, na aliye ndani ananiuliza mimi nani! Nikausukuma mlango. Mkononi nina mche wa sabuni niliotoka nao kwenye meza ya kukatia.

"Ala! Unaingia hujakaribishwa?"

"Mwenyewe hapigi hodi kwake. Nnakwenda kumnyonyesha mwanangu. Fungua komeo."

"Bi Zuwena, umesoma mpaka sekondari, huoni haya? Ushaona wapi tajiri akaliacha duka lake mchana?"

"Tajiri wetu alikuwa akilala kila mchana, Bwana Makame. Na wewe ndiye uliyekuwa ukimpepea."

Kumbe wenzangu wote wamejazana mlangoni. Kicheko kikaripuka. Makame akasimama, akasema, "We mwana we, nidhamu huna!" Ndipo mche wa sabuni uliposhuka juu ya meza, na chai ikaruka.

Nilitoka chumbani mle nimevimba kama andazi, nangoja sifa, na komeo bado liko palepale. Bi Pili, mama mtu mzima aliyekuwa akipiga muhuri kwenye sabuni, akanivuta kanga mpaka kwenye kivuli cha mapipa.

"Ushamaliza?" akaniuliza.

"Nshamaliza."

"Basi hujafanya kitu. Umegomba kama mpangaji. Mpangaji dari ikivuja hutukana, akakunja godoro akahama. Mwenye nyumba ya urithi hatukani dari. Huwaita nduguze wakakaa, wakasemezana nani apande juu. Wewe ushamwita nani?"

"Mimi namshitaki Makame!"

"Kwa nani?"

Nikaanza kuwahesabu wakubwa kwa vidole. Kwa nani? Kwa maneno ya Makame na yule bwana wa kipaza sauti, juu ya Makame tulikuwapo sisi.

"Enhe," akasema Bi Pili. "Katika nyumba ya urithi kila mtu husema 'yetu', lakini chumba kikubwa hulala mwenye ufunguo. Sasa kapanguse maziwa hayo, kisha ufikiri."

Basi, mwanangu, shika hili. Ukiambiwa kitu ni chako, zuia kigelegele kidogo, uulize kwanza. Ufunguo uko kwa nani? Anayetuamuru tumemweka sisi, na je, tukitaka kumshusha atashuka? Yanayoamuliwa tunayajua, au tunayasikia? Jibu likiwa ni makofi tu, hukupewa kiwanda, umepewa wimbo. Na upande wa pili usiusahau, maana mama yako ni mkali lakini si mwongo. Siku moja mafuta ya nazi yalipoungua kwenye pipa, sote tulisimama tukamtazama Makame, kana kwamba pipa lile ni la mamake. Uenyewe una mzigo wake, na siku ile hakuna aliyenyoosha hata kidole kuuchukua. Mali ya wote, moshi wake pia ni wa wote.

Mwenyezi Mungu akukuze, akupe kilicho chako na akupe na ufunguo wake. Akuepushe na mtu anayekuita mwenyewe huku amekaa mlangoni kwako. Na ukiwa na washirika, akupe subira ya kukaa nao, kwa sababu mimi alininyima. Amin.

Na malalamiko niliyoyapeleka ni haya. Niliyaandika jioni ileile, asubuhi yake nikapanda juu ya kasha la sabuni uani nikayasoma, huku adhuhuri nyingine inakuja na wewe huko unaamka:

*Kwa: Wenyewe wote wa Kiwanda cha Sabuni.*
*Kutoka kwa: Zuwena, mwenyewe, meza ya kukatia.*
*Yahusu: Komeo.*

*Ndugu wenyewe,*

*Nawalalamikia nyinyi, juu yenu, na mimi mwenyewe nimo. Jana tulimfungia ndani mama mwenzetu na mwanawe ana njaa. Nasema "tulimfungia" kwa sababu kama kiwanda ni chetu, komeo nalo ni letu, na ubaya wake ni wetu. Kama komeo si letu, basi na kiwanda si chetu, na tuambiwe leo ili tujue wa kumwomba.*

*Nataka tukae tuamue. Komeo litoke. Mwenye mtoto mchanga aende adhuhuri. Na Mwenyekiti achaguliwe kwa mikono, si kwa makofi. Ndugu Makame naye anyooshe wake mmoja, kama sisi.*

*Juu ya chai, naomba radhi kwa kanzu tu.*

*Fungu langu mimi la kiwanda hiki limeshanipa ruhusa. Nikishuka hapa nnakwenda kusimama mlangoni, nangoja ruhusa ya mafungu yenu. Fanyeni haraka, maziwa yanamwagika.*